Mtoto Aliyejibu kwa Macho

Binti yangu sasa ni mtu mzima. Nilipomwambia kwamba nataka kuandika habari za utoto wake, alikubali, ila kwa masharti mawili. La kwanza, nisimtaje jina. La pili, nisiandike kwamba alikuwa mgonjwa. "Sikuwa mgonjwa, mama," alisema taratibu, kama anavyosema kila kitu, neno moja likisubiri jingine. "Nilichelewa tu." Basi ninaandika nikiyashika masharti hayo, na kwa haki nimeona nisimtaje mtu mwingine yeyote pia.

Alizaliwa mwishoni mwa miaka ya themanini, asubuhi ya mvua, na hakulia. Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni mara mbili. Wakunga walifanya kila walichoweza, mmoja akimsugua mgongo, mwingine akimvuta ute puani kwa mpira, nami nimelala pale nasikiliza mvua ikipiga bati. Sauti yake ilipokuja ilikuwa ndogo sana, kama ya mtoto wa paka. Mkunga mkubwa alinifunika kanga akaniinamia. "Yupo, mama," akasema. "Yupo."

Wakati huo nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja mjini Moshi, na mimi na mume wangu tulipanga vyumba viwili mtaa wa Soweto, mjini humohumo. Mume wangu alibeba mizigo ya watalii mlimani. Akipanda leo, anashuka baada ya siku tano au sita, midomo imepasuka kwa baridi, na siku mbili za mwanzo ni za kulala tu. Wageni walikuwa wameanza kuongezeka, naye alikuwa akijifunza Kiingereza ili siku moja awe kiongozi wao badala ya kuwabebea mabegi. Kwa hiyo siku nyingi tulikuwa wawili tu nyumbani, mimi na mtoto.

Mwezi huohuo wifi yangu, dada wa mume wangu, naye alijifungua mtoto wa kike. Yeye aliishi juu mlimani, upande wa Machame, ng'ambo ya mto kutoka kwa baba yake. Tulitumiana salamu za pongezi. Nilifurahi kwa dhati kwamba watoto wetu watakua pamoja kama pacha.

Mtoto wangu alikuwa mzuri, na hilo nalisema si kwa sababu ni wangu. Alikuwa na macho makubwa, meusi, yenye kukutazama mpaka ukajiuliza umefanya nini. Lakini miezi minne ikapita shingo haijakaza. Miezi sita, bado kichwa kikianguka pembeni kama ua lililokatwa. Nilipompeleka kliniki kupimwa uzito, niliwaona watoto wa rika lake wamekaa kwenye mapaja ya mama zao wakinyakua kadi na kuzitafuna. Wangu nilimshikilia kichwa kwa kiganja, nikijifanya ninamkinga na jua. Tulikuwa ndani ya jengo.

Alipofikisha miezi minane, muuguzi wa kliniki aliacha kuniambia nisubiri. Aliniandikia karatasi niende hospitali kubwa, kwa mwanamke aliyefanya kazi ya mazoezi ya viungo. Alikuwa mtu mzima, mnene, mwenye sauti ya watu wa Tanga na mikono ya moto. Sisi wazazi tulimwita mama wa mazoezi. Alimlaza mtoto kwenye godoro, akamgeuza huku na huku, akamvuta mikono, akampigia njuga sikioni, akatembeza tochi mbele ya macho yake. Kisha akamfunga vizuri, akanirudishia.

"Sasa nipe kichwa," akasema.

Nikamsogeza mtoto tena.

"Si cha mtoto. Chako."

Nikainama. Akaniwekea mkono juu ya kitambaa cha kichwani, akaanza kunionyesha kwa vidole vyake, mahali kwa mahali. Hapa mbele, nyuma ya paji la uso, ndipo mtu anapopanga mambo na kujizuia. Sehemu hii huchelewa kukomaa kwa kila mtu, hata kwa vijana wenye ndevu bado haijakomaa. Hapa juu, kama utepe unaotoka sikio hadi sikio, ndipo amri za mikono na miguu zinapotoka. Hapa pembeni, upande wa kushoto, kwa watu wengi ndipo maneno yanapokaa. Huku nyuma kabisa ndipo tunapoona, ingawa macho yako mbele. Na hapa chini, juu tu ya shingo, kuna ubongo mwingine mdogo unaomfanya mtu asimame asianguke.

"Hewa ilipokatika siku ile," akasema, "haikuumiza kila mahali sawasawa. Kuna palipoumia na kuna pasipoguswa. Mimi sijui ni wapi na wapi. Hapa hatuna mashine ya kututazamia ndani. Tutajua kwa kumtazama yeye."

"Palipoumia patapona?"

"Hapana, mwanangu. Sitakudanganya. Lakini ubongo wa mtoto mdogo haujamaliza kugawa kazi. Sehemu moja inaweza kufundishwa kazi ya jirani yake. Kwa kurudia. Kila siku, mpaka uchoke, halafu urudie tena."

Alikuwa bado amenishika kichwa. Miezi mingi ilikuwa imepita bila mtu yeyote kunishika kichwa, na nililia palepale nimeinama, machozi yakidondoka kwenye shali ya mtoto. Mama wa mazoezi hakuondoa mkono. Jioni mume wangu aliposhuka mlimani nilimkalisha kitandani, nikamvua kofia, nikamwonyesha yote kwa vidole kama nilivyoonyeshwa. Alinisikiliza amefumba macho. Nilipofika kisogoni aliushika mkono wangu akauacha pale.

Haikupita mwaka ofisi yetu ikapunguza watu. Majina yalibandikwa ukutani, na langu lilikuwamo. Ndipo tukakubaliana kwamba yeye abaki Soweto kwa ajili ya kazi ya mlimani, mimi na mtoto tupande tukakae kwa baba yake, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo la kahawa na migomba, mwendo mrefu juu ya Kwa Sadala. Mama mkwe alikuwa ameshafariki. Baba mkwe aliishi peke yake na ng'ombe wawili, na kila mchana wifi alivuka mto kuja kumpikia.

Mimi ni mtu wa Uru. Kichagga chetu na chao vinapishana, kwa hiyo mimi na baba mkwe tuliongea Kiswahili, yeye cha kuhesabu maneno. Hakuwa mtu wa watoto. Alikuwa mtu wa kahawa, anayeweza kusimama mbele ya mti mmoja kwa muda mrefu akitazama tawi gani likatwe. Desturi nayo ilitutaka tuachiane nafasi, mkwe na mke wa mwanawe. Asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo, baba," akaitika "Marahaba," akatoka shambani, na mara nyingi yalikuwa hayohayo mpaka jioni. Yeye alimwita mtoto wangu "mgeni". "Mgeni ameamkaje?"

Nilimtandikia mgeni wake mkeka barazani, nikafanya mazoezi niliyofundishwa. Kumlaza kifudifudi juu ya mto ili ainue kichwa. Kumnyoosha vidole vilivyojikunja. Mara kumi, mara ishirini. Kahawa ilipokwisha kukauka, baba mkwe akawa anakaa upande wa pili wa baraza na sinia, akichambua punje mbovu na nzima. Siku moja, bila kuinua uso, akasema:

"Huyu anasikia vizuri."

"Umejuaje, baba?"

"Ng'ombe mweusi akilia, anatazama zizini. Yule mwekundu akilia, hatazami. Mweusi ndiye wa maziwa yake."

Nilikuwa nimekaa na mtoto huyo mwaka na zaidi, na jambo hilo sikuliona. Nadhani nilikuwa ninatazama shingo tu.

Sasa niseme jambo ambalo silipendi. Nilikuwa na daftari. Kama mpiga chapa nilipenda mistari iliyonyooka, na nilikuwa nimeugawa kila ukurasa kwa rula sehemu mbili. Upande mmoja niliandika mambo ya mtoto wangu, upande wa pili mambo ya mtoto wa wifi. Amekaa. Ametambaa. Amesimama kwa kushika kiti. Amesema "mama". Upande ule ulijaa mpaka nikabana herufi. Upande wetu ulikuwa mweupe, na ule weupe niliutazama kila siku kabla ya kupika.

Mchana mmoja mtoto wa wifi, ambaye alikuwa ameanza kutembea kwa kuyumbayumba, alikuja moja kwa moja mpaka kwenye mkeka wetu, akaokota kopo lenye mawe ambalo mtoto wangu alikuwa akilitazama, akaondoka nalo akilitikisa. Nilimfuata nikampiga mkononi. Si kwa nguvu sana, ila kopo lilianguka na mtoto akapiga yowe. Wifi alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Wifi," akasema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, ndiyo iliyonichoma. "Unampiga kwa sababu amechukua kopo, au kwa sababu anatembea?"

Niliinama kuokota kopo. Akambeba mtoto wake akavuka mto. Kesho yake chakula cha baba yake alikileta mtu mwingine.

Baba mkwe hakuniuliza kitu siku mbili. Siku ya tatu aliniambia nilete lile daftari ninaloandikaga. Nikaleta. Macho yake hayakuwa mazuri kwa kusoma, akaniambia nisome kwa sauti. Nikasoma ukurasa wa kwanza, upande huu, upande ule, nikasoma wa pili, na sauti yangu ilikuwa ikipungua kila mstari. Alinisimamisha kwa kunyanyua mkono.

"Huyu wa pili ana mama yake," akasema. "Ataandikwa na mama yake. Wewe andika wako."

"Wangu sina cha kuandika, baba."

"Anajua ng'ombe zake. Andika hilo."

Nikaliandika mbele yake. Baada ya wiki mbili za kujikokota nilivuka mto kwenda kwa wifi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, lakini nilipofika mlangoni nilisema tu nimekuja kuomba msamaha. Wifi alinitazama, akamtazama mtoto mgongoni mwangu. "Umechelewa," akasema. "Ingia, mtori unapoa." Tukaula mtori huo wa ndizi na nyama kutoka bakuli moja, na watoto wetu tukawalaza kwenye kitanda kimoja.

Ilikuwa katika msimu huo baba mkwe alipotengeneza kiti. Mama wa mazoezi alikuwa amesema mtoto akilala muda wote, dunia yake ni dari. Akikalishwa wima ataona watu kama tunavyowaona. Baba mkwe alisikiliza nilipomweleza, akakata kamba ya mgomba, akampima mgongo, mapaja, na kutoka goti mpaka kisigino, akifunga fundo kila kipimo. Kiti cha kwanza kilikuwa kibovu. Mtoto aliteleza chini ya ubao wa mbele, tukamkuta ananing'inia kwa kwapa. Baba mkwe alikivunja kiti kile kwa shoka, kikawa kuni. Cha pili alikitengeneza kwa mbao za mgrevilea, akaweka kipande kinene katikati ya mapaja, pembeni vibao viwili vya kushika kichwa, akavivika blanketi. Siku tulipomkalisha aligeuza macho pole pole kutoka mgomba hadi mgomba, hadi mlangoni, hadi kwa babu yake. Kisha akacheka. Sijui alicheka nini. Nadhani aliona kwamba babu ana miguu.

Mwezi uliofuata nilishuka hospitali, mama wa mazoezi akanipa kazi mpya.

"Mtoto mchanga," akaniambia, "kitu akikiona kipo, asipokiona hakipo. Ukificha kijiko, kwake kijiko kimekwisha. Halafu siku moja, kwa watoto wengi kabla hata hawajatimiza mwaka, anakitafuta. Ina maana amekibeba kichwani. Hapo akili imepiga hatua kubwa kuliko kutembea. Mwangalie wako. Ficha kitu anachokipenda, chini ya kitambaa, mbele ya macho yake. Akinyoosha mkono kukifunua, njoo uniambie."

Alichokipenda kilikuwa kijiko cha bati chenye mpini mwekundu. Kila asubuhi baada ya uji nilimwonyesha kijiko, nikakiweka kwenye ubao wa kiti chake, nikakifunika kwa kitambaa, nikasubiri. Mikono yake ilibaki imekunjwa kifuani. Nilimsogezea mkono mpaka juu ya kitambaa, ukakakamaa, ukarudi. Niliandika: hakutafuta. Kesho yake tena: hakutafuta. Alitimiza miaka miwili, akapita. Mtoto wa wifi alikuwa tayari anaimba nyimbo za kanisani akichanganya maneno. Wangu aliangalia kitambaa, aliniangalia mimi, basi. Ilifika wakati nikawa nafanya kwa mazoea, kama mtu anayefagia uwanja wenye upepo, na kisha nikaacha kabisa. Sikumwambia mtu. Ndani yangu nilijiambia kwamba pale panapobeba vitu kichwani ndipo palipoumia.

Alikuwa amekaribia miaka mitatu baba mkwe aliponiita kutoka barazani. Hakuwa mtu wa kuita. Nilitoka mbio nikidhani mtoto ameanguka. Alikuwa kwenye kiti chake, mzima, na mbele yake kulikuwa na sinia la kahawa, na juu ya kahawa vikombe viwili vya bati vimefunikwa chini juu.

"Kaa," akasema baba mkwe. "Tazama macho yake. Usitazame mikono."

Akachukua kijiko chenye mpini mwekundu, akamwonyesha. Akakiweka chini ya kikombe cha kulia. Mtoto akakitazama kikombe cha kulia bila kupepesa. Babu akakitoa kijiko, akakipeleka chini ya kikombe cha kushoto mtoto akiona. Macho yakahamia kushoto, yakatulia hapo.

"Ni bahati tu, baba," nikasema.

"Fanya wewe."

Nikafanya. Kulia. Akatazama kulia. Nikaziba katikati kwa kanga yangu ili asione vikombe kabisa, nikahesabu moja mpaka kumi, nikaiondoa. Macho yakaenda kulia moja kwa moja. Kisha nikafanya jambo ambalo sikufundishwa na mtu. Nilikiweka kijiko kushoto mbele yake, halafu nikageuka na sinia, nikakichomoa kwa siri nikakificha mfukoni, nikageuka tena na kukifunua kikombe cha kushoto. Hapakuwa na kitu.

Mtoto alikitazama kikombe kitupu. Alikitazama kile kingine. Kisha akanyanyua macho akanitazama mimi, usoni, kwa mshangao na hasira, kama mtu aliyeibiwa sokoni na anamjua mwizi.

Nilipiga magoti mbele ya kiti chake nikampa kijiko chake. Nilielewa vyote kwa mara moja, na furaha iliyonijia ilikuja na aibu nyuma yake. Mama wa mazoezi alisema akinyoosha mkono, nami nikakaa miezi na miezi nikiuliza mikono. Mikono ndiyo iliyoumia. Ule utepe wa kutoka sikio hadi sikio ndio ulioumia. Lakini pale panapobeba kijiko kisichoonekana pengine hapakuguswa kamwe, na huenda kila asubuhi niliyoandika "hakutafuta" alikuwa ametafuta kwa kitu pekee alichokuwa nacho, akanijibu, nami nikainamia daftari.

"Tangu lini umejua, baba?"

"Tangu mavuno." Alikuwa anavirudisha vikombe vyake, hanitazami. "Nikiangusha punje anatazama ilipoangukia. Nikaona nihakikishe kwanza. Mama ukimpa habari ya uongo ni vibaya."

Nilishuka hospitali siku ya pili yake na kumweleza mama wa mazoezi. Aliniacha nimalize, kisha akaketi kwenye kistuli chake cha chini. "Nimefanya kazi hii miaka mingi," akasema polepole. "Na mimi niliuliza mikono." Akaomba nimweleze tena jinsi baba mkwe alivyoweka vikombe, na nikaona anaandika.

Tangu siku hiyo tulianza kumwuliza maswali. Macho juu ilikuwa ndiyo, kufumba ilikuwa hapana. Hatukumfundisha sisi, bali mtoto wa wifi ndiye aliyeyagundua hayo kabla yetu. Naye wakati huo alikuwa na umri wa kuamini kwamba akijifunika uso kwa viganja hatumwoni, akisimama katikati ya baraza, mwili mzima nje, akitamba, "Hamjui nilipo!" Lakini macho ya binamu yake aliyasoma kama sisi tunavyosoma saa.

"Shangazi, amesema hataki ndizi."

"Hajasema kitu."

"Amefumba. Mara mbili. Mara mbili ni hataki kabisa."

Nikamwuliza mwanangu, "Hutaki ndizi?" Macho juu. Hataki. Na mimi nilikuwa nimemlisha ndizi kila mchana tangu aote meno.

Maneno ya mdomo yalikuja alipokuwa na miaka sita. Nilikwenda kumtoa kwenye kiti jioni, ukungu unashuka, na nilipomshika kwapani akakaza mwili mzima, uso ukajikunja, midomo ikahangaika, kisha likatoka neno, zito, limevunjika katikati, lakini neno kamili. "Ba-do." Nilimwachia. Nilikaa chini kwenye saruji kando ya kiti chake, tukabaki hapo mpaka giza likaingia na baba mkwe akaja na taa kuuliza kuna nini. "Amesema bado," nikamwambia. Baba mkwe alitafakari. "Basi bado," akasema, akavuta kigoda chake naye akakaa.

Shule ilichukua muda zaidi. Mwalimu wa kwanza niliyemfuata alisema kwa upole kwamba darasa lake lina watoto wengi na huyu hawezi kushika kalamu. Mwalimu wa pili, msichana aliyetoka chuo karibuni, alimwuliza mwanangu mwenyewe. "Unataka kusoma?" Macho juu, mpaka weusi ukapotelea ndani. Akaandikishwa akiwa na miaka minane, akakalishwa dawati moja na binamu yake aliyekuwa darasa hilohilo, na mwalimu akachora herufi kubwa kwenye kadi za maboksi ili achague kwa kutazama. Mume wangu, ambaye sasa alikuwa kiongozi kamili, alipanga siku zake za mapumziko ziwe za kumbeba kwenda na kurudi. Zilizobaki tulipokezana mimi, wifi, na baba mkwe, mgongo baada ya mgongo. Alimaliza la saba. Kwa hesabu aliwapita wengi wenye mikono. Babu yake aliishi kuona cheti, akafariki mwaka uliofuata, na siku nyingine nitaona kama ninaweza kuandika habari za siku hiyo. Leo siwezi.

Ninachotaka kusimulia ni asubuhi moja ya mwaka ule wa kwanza wa shule. Mama wa mazoezi alikuwa ameagiza wasichana wote wawili wapewe kijiko cha mafuta ya samaki kila siku, na mafuta yale yananuka. Nilimimina kijiko cha mwanangu kwenye kikombe chenye uji kidogo, nikamwachia binamu yake, aliyekuwa amevuka mto ili waende shule pamoja, amnyweshe, nikaenda kufunga mikoba yao. Niliporudi kikombe kilikuwa kitupu, kimefutwa kabisa.

"Amekunywa?" nikauliza.

"Amekunywa yote, shangazi."

Nikamgeukia mwanangu. "Umekunywa?"

Akanitazama vizuri, uso umetulia kama wa mzee wa kanisa. Akanyanyua macho juu. Ndiyo.

Nikaondoka hatua tatu. Kisha nikamwona kuku mmoja karibu na ngazi, mdomo unang'aa mafuta, anadonoa uji chini kwa bidii.

Nilisimama nikimtazama yule kuku. Mama wa mazoezi aliwahi kuniambia kwamba ili mtoto adanganye lazima ajue kwamba kilichomo kichwani mwake hakimo kichwani mwako. Kwamba wewe una akili yako peke yako, iliyofungwa, na unaweza kuwekewa humo kitu kisicho kweli. Kwa hiyo mwanangu alijua hayo. Alikuwa ameketi pale akiniwazia mimi, anapima nitaamini nini, na alikuwa na mwenzake wa kula naye njama.

Nilikwenda nyuma ya zizi. Baba mkwe alikuwa anakamua, akaniona nimejiziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika.

"Kuna nini, mama?"

"Amenidanganya, baba."

Akaacha kukamua. "Nani?"

"Huyu wetu. Wamemwaga dawa, akanidanganya."

"Amekudanganya vizuri?"

"Vizuri sana. Nusura niamini."

Baba mkwe alitazama ndoo yake ya maziwa, na mikunjo ya uso wake ikaanza kusogea taratibu, mpaka akacheka, kicheko kikavu ambacho sikuwa nimekisikia tangu nije kwenye nyumba ile. Ng'ombe alirudi nyuma akaikosakosa ndoo kwa mguu. "Sasa nenda," akaniambia akijifuta macho kwa mkono wa shati. "Nenda ukamgombeze."

Nikajipangusa uso, nikafunga kanga upya kiunoni, nikarudi barazani. Wasichana walikuwa wakitazama upande mwingine. Nikawasimamia wote wawili, mikono kiunoni, nikaanza kugomba. Niliwaambia dawa si chakula cha kuku. Niliwaambia waongo hawapelekwi sokoni Jumamosi. Binamu alianza kulia mapema, kama kawaida yake. Mwanangu aliniangalia, midomo imeshuka, machozi yanajaa, akiwa na aibu na hasira ya mtoto yeyote aliyekamatwa, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe sikumpangusa. Nilimgombeza mpaka mwisho.